Damu imegoma kwenye 8.4 na uchovu hauishi: ni kipimo gani kimerukwa?

Mkwaju Mchanga
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa kike, miaka 34, kilo 58, anaishi Muheza, Tanga. Ana watoto wawili, wa mwisho ana miaka sita. Si mjamzito, amepimwa. Uchovu una mwaka na nusu sasa: akipandisha kilima na ndoo moyo unamdunda hadi masikioni, usiku miguu haitulii, nywele zinakatika, na anatafuna mchele mbichi na barafu. Naweka namba kama zilivyo kwenye makaratasi.

Februari: damu (hemoglobini) 6.2, akaongezewa uniti mbili, ikafika 8.1.
Oktoba: damu 8.4, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) 68, MCH (hemoglobini ndani ya kila chembe) 20.7, chembe nyekundu milioni 4.05, RDW (tofauti ya ukubwa wa chembe) 19.2, chembe nyeupe 6.1, chembe sahani 468. Feritini 38 (maabara imeandika kawaida ni 13 hadi 150). CRP 31.
Malaria hasi, VVU hasi, siko seli hasi (ilipimwa Machi). Choo kilipimwa mara moja, hakikuonekana kitu. Utrasaundi ya tumbo na kizazi iko sawa.

FeFo (vidonge vya chuma na foliki asidi) amemeza miezi minne, kimoja mara tatu kwa siku. Taifodi ametibiwa mara mbili. Sasa ameambiwa feritini ni ya kawaida, kwa hiyo shida si madini ya chuma, arudi aongezewe damu tena. Maswali yangu: kweli si chuma? Aongezewe? Na kipimo gani kitangulie, maana fedha ya kupima vyote haipo. Naomba kuwasilisha.

Lenzi Mia
Pole kwa kuuguza, na ahsante kwa kuleta namba kamili. "Damu ndogo" bila MCV haimsaidii mtu.

Hiyo feritini 38 imesomwa peke yake, na hapo ndipo kosa lilipo. Feritini inaonyesha akiba ya chuma, lakini hupanda pia mwili ukiwa na maambukizi au inflamesheni yoyote (mwili kupambana na jeraha au ugonjwa), hata kama akiba imekwisha. CRP ndiyo kipimo cha inflamesheni hiyo, na 31 inasema ipo. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unaweka mipaka miwili kwa mtu mzima: chini ya 15 kama hana maambukizi wala inflamesheni, chini ya 70 kama anavyo. Kwa mgonjwa wako mpaka unaohusika ni 70. Kwa hiyo 38 ni upungufu.

Namba nyingine zinaunga mkono. Chembe ni ndogo (MCV 68, kawaida 80 hadi 100), hazilingani ukubwa (RDW 19.2), na chembe sahani zimepanda kidogo, jambo la kawaida chuma kikiisha. Gawanya MCV kwa idadi ya chembe nyekundu: 68 ÷ 4.05 = 16.8. Ikizidi 13 inaelekea upungufu wa chuma, ikiwa chini ya 13 inaelekea thalasemia. Si hukumu ya mwisho, ila ni hesabu ya bure. Mchele mbichi, barafu na miguu isiyotulia usiku navyo vinaelekea huko huko.

Thalasemia naitaja kwa sababu ya Muheza. Ukanda wa pwani una watu wengi waliorithi thalasemia ya alfa ya aina nyepesi. Hao MCV yao ni ndogo maisha yote, damu inapungua kidogo tu, na chuma hakiwabadilishi. Kipimo cha aina za hemoglobini mara nyingi hakiionyeshi kwa mtu mzima. Lakini haiwezi peke yake kumfikisha mtu 6.2, kwa hiyo msiishie hapo hata mtu akiitaja.

Siko seli ya Machi ilipimwa wiki chache baada ya damu ya watu wengine kuingia. Chembe za kuongezewa huweza kuishi hadi siku 120 na huchanganya majibu. Si kipaumbele, ila ikirudiwa sasa jibu litakuwa lake mwenyewe.

Rozela
Mkuu, juisi ya rozela na majani ya matembele asubuhi na jioni, changanya na bitiruti. Wiki mbili damu inajaa.

Jungu Kuu
Rozela, kwa heshima: rangi nyekundu si chuma. Bitiruti ina chini ya miligramu 1 ya chuma kwa gramu 100, na hicho chuma cha mimea mwili unachukua sehemu ndogo. Ini la ng'ombe lina kama 5 hadi 6, na chuma chake hufyonzwa vizuri zaidi. Matembele ni mboga nzuri, lakini mtu aliyefika 8.4 hawezi kurudi kwa chakula pekee. Piga hesabu ya pengo lake la chuma: kilo 58 × (15 − 8.4) × 2.4, ongeza 500 za kujaza akiba, unapata kama miligramu 1,400. Mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula, na karibu zote zinatumika siku hiyo hiyo.

Chakula kina kazi ya kulinda. Chai au kahawa pamoja na mlo inaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma cha mboga na maharage, kwa hiyo anywe saa moja kabla au saa mbili baada. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe. Chungwa au ndimu iwepo kwenye sahani. Kama anatafuna na udongo wa sokoni, aache, kwa sababu unakamata chuma tumboni na unaweza kuleta mayai ya minyoo.

Dirisha la Dawa
Kabla ya kusema FeFo imeshindwa, naomba majibu manne. Anameza na nini na saa ngapi? Dawa gani nyingine anatumia, hata za kununua dukani bila cheti? Hedhi ni siku ngapi, pedi ngapi, mabonge yapo? Anatumia uzazi wa mpango gani?

Mkwaju Mchanga
Nimempigia. Anameza pamoja na chai ya maziwa ili asichefukwe. Omeprazoli anakunywa kila siku tangu mwaka jana, chembe ya moyo inamwaka. Diklofenaki siku za hedhi, na mgongo ukiuma. Hedhi siku nane, tatu za mwanzo anabadilisha pedi karibu kila saa moja na nusu na usiku anaamka, mabonge yapo. Ana kitanzi, kiliwekwa miaka miwili iliyopita. Hakuna aliyewahi kumuuliza haya.

Zamu ya Usiku
Basi tumeanza kuona damu inakokwenda. Kitanzi chake kama ni cha shaba, hicho huongeza wingi wa hedhi kwa wanawake wengi, na uchovu wake umeanza miezi sita baada ya kuwekwa. Utrasaundi safi haifuti hilo: inatazama uvimbe na mahali kitanzi kilipo, haipimi damu inayotoka. Hedhi ya zaidi ya siku saba, pedi kulowa ndani ya saa moja au mbili, kuamka usiku kubadilisha, mabonge makubwa kuliko sarafu: hii ni hedhi nzito.

Kila mililita 100 anazopoteza sasa zinaondoka na karibu miligramu 28 za chuma. Na sehemu ya chuma cha vidonge imefungwa njiani na chai. Kwa hiyo amekuwa akijaza ndoo iliyotoboka. Hata hiyo hatua ya kutoka 6.2 kwenda 8.1 ni zile uniti mbili tu, maana moja hupandisha kama 1. Toka hapo miezi minane imeleta 0.3, na tofauti hiyo inaweza kuwa ya mashine tu.

Lakini msisimame kwenye kitanzi. Ana vidonda au dalili zake, na diklofenaki inachubua tumbo. Mtu mmoja anaweza kuvuja sehemu mbili. Aende na mambo haya matatu kwa daktari:

Kwanza kitanzi. Aulize kubadilishiwa njia, ama kitanzi cha homoni (hiki hupunguza hedhi) ama nyingine inayomfaa. Asikiondoe bila kuwa na njia mbadala, mimba kwa damu 8.4 ni hatari. Mpaka hapo, asidi ya traneksamiki gramu 1 mara tatu kwa siku, siku za hedhi nzito tu, zisizidi nne, kwa cheti cha daktari. Haifai kwa aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu. Na mkojo ukiwa na damu ajue sababu kwanza, kwa hiyo kichocho kipimwe kabla. Tanga kichocho cha mkojo kipo.

Pili tumbo. Diklofenaki iache, atumie parasetamoli. Kipimo cha bakteria wa vidonda kwenye choo (H. pylori) kinahitaji omeprazoli isimamishwe wiki mbili na antibayotiki wiki nne, vinginevyo kinaweza kusema hasi kwa uongo. Kusimamisha kukubaliwe na daktari. Chembe ya moyo ikiendelea kuuma, kipimo cha kamera kinastahili. Angekuwa mwanaume, au mama aliyekoma hedhi, ningesema kamera ya juu na ya chini bila kusubiri.

Tatu ile CRP. Irudiwe baada ya wiki tatu au nne. Ikibaki juu atafutiwe sababu, kifua kikuu kikiwemo. Taifodi ya kipimo cha Widal peke yake isichukuliwe kama jibu tena, kinatoa chanya nyingi zisizo za kweli.

Kuongezewa damu: kwa mtu anayetembea, hana maumivu ya kifua, na damu iko 8.4 imetulia, kwa kawaida haihitajiki. Uniti moja inabeba miligramu 200 hadi 250 za chuma, haifiki hata robo ya pengo alilopigiwa hesabu. Kama daktari ataona ni lazima, sampuli zote zichukuliwe kabla ya chupa kufunguliwa.

Asisubiri miadi akiona haya: kuhema akiwa amekaa, maumivu ya kifua, kuzimia, mapigo zaidi ya 100 akiwa amepumzika, macho ya njano na mkojo wa rangi ya kahawa, au choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya. FeFo nayo inafanya choo kuwa cheusi, lakini hakinati namna hiyo.

Dirisha la Dawa
Kuhusu vidonge. FeFo moja ina kama miligramu 60 za chuma chenyewe. Tatu kwa siku hazimpi mara tatu: dozi moja inapandisha hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo, na hukaa juu takribani siku nzima. Kinachobaki tumboni kinaleta kichefuchefu, ndiyo maana akakimbilia chai. Ameze kimoja asubuhi, tumbo tupu, kwa maji au juisi ya chungwa. Kikimchefua, siku moja ameze, siku moja apumzike. Chai, maziwa, na dawa za kupunguza tindikali ziwe mbali kwa saa mbili. Siprofloksasini na doksisaiklini vilevile zitenganishwe, maana chuma kinazifunga na zenyewe hazifanyi kazi. Vidonge vikae juu kabatini, mtoto mdogo akimeza vingi vinaua.

Omeprazoli ni suala tofauti, inapunguza tindikali inayoyeyusha chuma, na hilo halitibiwi kwa kutenganisha saa. Kama haiwezi kuachwa na damu haipandi, chuma cha dripu kipo kwenye hospitali kubwa.

Kama alichomwa zile sindano nyekundu za vitamini B, amwambie daktari kabla ya kupimwa B12. Majibu yatakuwa juu bila maana.

Mkwaju Mchanga
Nimewasoma wakuu, ahsanteni sana. Ana nauli ya safari moja kwenda mjini. Siku hiyo afanye vipimo gani?

Lenzi Mia
Afike asubuhi. Picha nzima ya damu irudiwe, pamoja na kioo cha damu (tone linalopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini) na retikulosaiti, yaani chembe changa. Vyote vinatoka kwenye kichupa kimoja cha kifuniko cha zambarau. Damu ichukuliwe mshipani, si kidoleni, na ipimwe siku hiyo hiyo: ikilala, chembe zinavimba na MCV inadanganya. Retikulosaiti asizisome kwa asilimia tupu. Kwa mfano 2.1 inaonekana nzuri, lakini sehemu ya chembe kwenye damu yake ni asilimia 27.5 badala ya 45, kwa hiyo 2.1 × 27.5 ÷ 45, kisha gawanya kwa 2, unapata 0.64. Chini ya 2 maana yake uloto (kiwanda cha damu ndani ya mifupa) hautoi chembe za kutosha. Ikiwa juu ya 3, chembe zinavunjwa au zinavuja kwa kasi, na njia ya uchunguzi inabadilika.

Kreatinini na tezi ya shingo (TSH) ziongezwe fedha ikiruhusu. Figo na tezi vyote viwili huleta uchovu na kushusha damu, na tezi huvuruga hedhi pia.

Choo: sampuli tatu za siku tofauti, maana mayai ya safura (minyoo wanaonyonya damu utumboni) hayatoki sawa kila siku. Kipimwe kikiwa kibichi. Slaidi ya Kato (choo kilichopakwa kwenye kioo) ikikaa zaidi ya saa moja, mayai ya safura yanayeyuka yasionekane, na hapo ndipo "hakikuonekana kitu" nyingi zinapotokea. Kwa kuwa safari ni moja, sampuli mbili za ziada zipimwe zahanati ya karibu. Minyoo 100 ya safura ya aina kubwa hunyonya kama mililita 15 za damu kwa siku. Ikipatikana, albendazoli miligramu 400 mara moja. Mebendazoli ya dozi moja ni dhaifu kwa safura.

Mkojo auchukue kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, yale matone ya mwisho, baada ya kutembea kidogo. Asiende akiwa kwenye hedhi. Kichocho kikionekana, prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kilo, kwake vidonge vinne vya 600.

Akishabadilisha namna ya kumeza chuma, damu ipimwe siku ya 14, kwenye mashine ile ile. Ikipanda 1 au zaidi, anaendelea, na baada ya kufika 12 anameza miezi mitatu zaidi kujaza akiba. Isipopanda na anameza sawasawa, arudi na karatasi zote. Chembe nyeupe au chembe sahani zikianza kushuka pamoja na damu, aombe rufaa ya kuchunguzwa uloto mara moja.

Mkwaju Mchanga
Hedhi yake inaisha Jumapili. Jumatano atapanda gari. Nitaleta karatasi hapa.