Naomba ushauri: honi za madereva wengine zinanivuruga ninapojifunza kuendesha

Ndugu zangu, ninajifunza kuendesha gari la gia za kawaida, nikiwa na mwalimu pembeni na kibao cha herufi L mbele na nyuma, na kinachonishinda si gari lenyewe bali madereva wanaonifuata. Gari likinizimikia mlimani kwa sababu nimeachia klachi mapema, honi huanza kabla hata sijagusa ufunguo. Mikono hutetemeka, nasahau kuvuta breki ya mkono, gari hurudi nyuma kidogo, na yule aliyenisogelea mno ndiye anayefoka kuliko wote, utadhani yeye alizaliwa na leseni mkononi.

Mwalimu amenifundisha kuacha nafasi ya angalau sekunde 2 kati yangu na gari la mbele, lakini kila ninapoiacha mtu huchomekea, nami hulazimika kupunguza mwendo tena, jambo linalomkasirisha aliye nyuma yangu. Wapo wanaonisubiri kwa upole, ila ni wachache.

Naomba waliopitia haya wanieleze: dereva akinigandia nyuma na kuniwashia taa kubwa, je, ni salama zaidi kuendelea na mwendo wangu uleule, au nitafute mahali pa kusimama kando ili apite? Mwalimu husema nisikitazame mno kioo cha nyuma, ushauri ambao kwangu ni mgumu kuutekeleza. Je, kufanya mazoezi alfajiri, barabara zikiwa tupu, kutanijenga, au kutanichelewesha tu kuuzoea msongamano?