Naomba ushauri: natoka kwenye mbio, niingie uongozi wa riadha au utangazaji?

Ndugu zangu, habari zenu. Nimekimbia mita 1500 kwa miaka 11, na sasa kano ya kisigino, ambayo kila asubuhi hunilazimu kushuka kitandani nikishika ukuta, imenionyesha kwamba wakati wa kustaafu umefika. Chama cha riadha cha mkoa wetu kinataka nigombee ukatibu, na wakati huohuo redio moja ya hapa inanihitaji nitangaze michezo kila Jumamosi.

Ninayemtazama ni Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akapata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji Moscow mwaka 1980, na baadaye akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kwa hiyo uongozi sina shaka nao. Kinachonikosesha usingizi ni kipaza sauti: nitawaelezaje wasikilizaji kwa haki kwamba wanariadha hawajalipwa posho, ilhali katibu anayepaswa kujibu ni mimi mwenyewe?

Shule nazo hunialika kuzungumza na wanafunzi, kazi ninayoipenda kwa dhati, ila juzi binti mmoja aliponiuliza kama aache masomo ili akimbie, nilisita mno kabla ya kumwambia asiache.

Naomba waliopitia njia hii wanishauri: nianze na lipi, na je, ukatibu na utangazaji vinaweza kushikwa na mtu mmoja?