Mjadala: Je, maktaba ziruhusiwe kuazimisha michezo ya video isiyouzwa tena, hata kwa mtu anayetaka kujifurahisha tu?

Ndugu wasomaji, naweka mezani swali ambalo limegawa watu kwa miaka kadhaa sasa, nami nitalijadili kwa kutumia mchezo mmoja ninaoupenda sana. Tangu tarehe 27 Machi 2023, kampuni ya Nintendo ilipofunga mauzo katika duka la mtandaoni la konsoli yake ya mkononi (mashine ya kuchezea michezo ya video) iitwayo 3DS, mtu anayeishi Marekani hana tena njia ya kununua Rhythm Heaven Megamix ambayo itamfikishia mwenye mchezo hata senti moja. Huko Amerika Kaskazini mchezo huo ulitoka mwaka 2016 kwa kupakuliwa tu, bila katriji, yaani kadi ya mchezo inayochomekwa kwenye konsoli. Ulaya katriji ziliuzwa, lakini 3DS hufungwa kwa eneo, kwa hiyo katriji ya Ulaya haifanyi kazi katika konsoli iliyonunuliwa Marekani. Aliyeulipia zamani bado anao, na aliyechelewa amefungiwa mlango.

Kwa asiyeujua, huu ni mkusanyiko wa vimchezo zaidi ya 100 vya mdundo, na kila kimoja kina kituko chake. Mwanakarate anapiga ngumi vyungu anavyorushiwa. Kibanio kinang'oa nywele zilizoota kwenye kitunguu. Waimbaji watatu wa kwaya wanapokezana sauti, na wewe ndiye wa tatu, unayepaswa kujua lini unyamaze. Mfululizo huu ulianza Japani tarehe 3 Agosti 2006 kwenye Game Boy Advance, konsoli ya mkononi ya zamani ya Nintendo, kwa wazo la mtunzi wa muziki Tsunku, ambaye aliwapa watengenezaji mafunzo ya kucheza dansi ili wauelewe mdundo kwa miili yao kabla ya kuuandikia programu. Toleo hilo la kwanza halikuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani. Vitendo vyenyewe ni vichache mno, kubonyeza na kuachia, na sikio ndilo linaloongoza huku macho yakifuata. Mtu mzima aliyemaliza kazi za siku anaweza kukaa na kijikonsoli hicho akacheka peke yake kwa sababu ya kitunguu, kisha akagundua kwamba amejifunza kuusikia mdundo unaoangukia katikati ya mapigo, jambo ambalo pengine hakuwahi kulifanya maishani.

Sasa nifike kwenye ubishi wenyewe. Mwezi wa Julai 2023, shirika la Video Game History Foundation lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Wahifadhi waliiomba Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iruhusu maktaba na makumbusho kuvunja kufuli za kidijitali, yaani kinga zinazozuia kunakili, na kuwafikishia watafiti michezo hiyo wakiwa mbali, kwa kuwa programu za kompyuta za aina nyingine tayari zilikuwa na ruhusa inayokaribiana na hiyo. Wawakilishi wa kampuni za michezo walipinga, na Oktoba 2024 ombi lilikataliwa. Miongoni mwa hofu zilizotajwa ni kwamba watu wangeitumia ruhusa hiyo kujiburudisha badala ya kufanya utafiti.

Hofu hiyo ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu naona imegeuza mambo juu chini. Maktaba huazimisha riwaya kwa msomaji anayetaka kulala nayo kitandani, na hakuna mkutubi anayemtaka aape kwamba hatafurahi. Kwa nini mchezo wa mdundo uwe na sharti gumu kuliko riwaya? Tena katika mchezo wa aina hii, furaha ndiyo njia pekee ya kuujua. Ukitazama video ya mtu mwingine akiwaongoza waimbaji wale watatu, utaona picha na kusikia wimbo, lakini hutajua kwa nini ukimya wa nusu sekunde unamfanya mchezaji ashike pumzi. Mtafiti asiyeruhusiwa kuucheza mpaka uingie mwilini mwake hajautafiti mchezo, ameutafiti ufungashaji wake.

Wapo watakaosema, na nimewasikia wengi, kwamba ubishi huu ni wa bure kwa kuwa nakala zisizo halali zimejaa mtandaoni na kila anayetaka huzipata. Siridhiki na jibu hilo. Kwanza, linawaacha nje walioamua kufuata sheria, yaani maktaba na vyuo, ambao ndio tungependa watunze vitu hivi kwa miaka 100 ijayo. Pili, mchezo wa mdundo hauokolewi kwa kunakili faili peke yake. Picha za konsoli hizi hubadilika takribani mara 60 kwa sekunde, na mchezaji mzuri huhisi kosa dogo linalokaribia kipimo hicho. Televisheni ya kisasa huichelewesha picha, vipokea sauti visivyo na waya huichelewesha sauti hata zaidi, na programu inayoiga konsoli ya zamani huweza kuongeza ucheleweshaji wake juu ya huo. Mchezo ukichezwa hivyo ni sawa na kufundishwa ngoma kupitia simu inayokatika-katika: hatua zote utaelezwa, lakini mguu hautaangukia mahali pake. Toleo la DS, konsoli iliyotangulia 3DS, ni gumu zaidi kulihifadhi, kwa sababu linashikwa wima kama kitabu na kuchezwa kwa kufyatua kalamu juu ya skrini, kitendo ambacho kipanya cha kompyuta hakiwezi kukiiga vizuri. Kwa hiyo anayehifadhi anahitaji mashine yenyewe, betri, kalamu na fundi anayejua kuzitengeneza. Kazi hiyo inahitaji taasisi yenye bajeti na ruhusa ya wazi, kwa maana hakuna mtu anayeifanya kwa kujificha.

Hoja ya kampuni naiheshimu zaidi. Mwenye kazi ana haki ya kuamua lini aiuze tena, na Nintendo yenyewe ilitangaza Machi 2025 kwamba mchezo mpya wa mfululizo huu, Rhythm Heaven Groove, utatoka kwenye konsoli yake ya Switch mwaka 2026. Je, uazimishaji wa toleo la zamani hautaharibu soko la jipya? Nadhani hapana, mradi masharti yawe madhubuti: mchezo uwe umeondolewa sokoni kwa muda uliowekwa na sheria, nakala moja iazimishwe kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kampuni ikiurudisha dukani, maktaba isitishe uazimishaji huo. Kuwepo kwa mchezo mpya hakujibu swali la ule wa zamani, maana waliotunga vimchezo vya mwaka 2006 walivitunga kwa vitufe vile na kwa spika ile ndogo ya Game Boy Advance.

Ufaransa imetuonyesha kwamba hatua ya kwanza inawezekana. Tangu sheria ya mwaka 1992, michezo ya video huwekwa katika maktaba ya taifa pamoja na vitabu na filamu. Maktaba ya Bunge la Japani nayo hukusanya michezo inayouzwa kwenye kasha tangu mwaka 2000. Lakini mchezo uliouzwa kwa kupakuliwa tu, kama ilivyokuwa kwa Megamix huko Amerika, hauna kasha la kuwekwa rafuni, na hapo ndipo sheria nyingi zinapoishiwa nguvu.

Wale mnaopinga, naomba mnijibu jambo moja mahususi: ikiwa kampuni haiuzi mchezo, haina tarehe ya kuuuza tena, na maktaba inauazimisha kwa mtu mmoja mmoja, ni hasara ipi hasa inayompata mwenye mchezo pale mwazimaji anapoucheza na kuufurahia?