Muvi mpya ikitoka: ununue DVD au usubiri ya kushusha?

Mkazi wa Buguruni: Wakuu habari zenu. Deki yangu nzima kabisa na Kariakoo bado kuna maduka machache yana DVD orijino. Sasa kila nikitaka kununua mdogo wangu ananiambia kaka tulia, itashuka mtandaoni, utaivuta kwa bando la usiku. Kuna moja nimeisubiri miezi mitatu mpaka hamu imekata. Nyie mnafanyaje?

Kijana Bando: Subiri mkuu. DVD inabeba GB 4.7, picha haifiki hata HD, ukiiweka kwenye TV ya inchi 55 unaona ukungu. Netflix wenyewe walianza 1998 kwa kuwatumia watu DVD kwa posta, wakaacha Septemba 2023. Siku hizi DVD zimebaki kwa watu wa mikoani tu.

Mnyalukolo: Watu wa mikoani ndio akina nani? Mimi niko Mafinga na simu yangu nadhani inaizidi yako. Mkishapanga chumba Sinza mnajiona mmezaliwa na intaneti.

Kijana Bando: Nimeongelea soko, hajatukanwa mtu hapo.

Mnyalukolo: Umetukana. Ungesema "wasio na bando" ningekuelewa, umesema mikoani. Na huyo mama anayekukaangia chipsi hapo Sinza katokea wapi?

Fundi Deki: Tuwekane sawa, GB 4.7 ni ile ya tabaka moja, ya matabaka mawili inafika 8.5. Halafu mnasahau Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom kwa mpigo, nchi nzima intaneti ikawa ya kuvizia. Wiki ile mimi nyumbani tuliangalia DVD kama kawaida.

Mama Zuhura: Mimi sinunui sababu ya picha, nanunua kiwe changu. Kanumba alivyofariki Aprili 2012 nilikuwa na mikanda yake karibu yote, mpaka leo ipo kabatini na makava yake, wanangu wanamjua kupitia hiyo. Uchungu wangu ni ule wa Part 1 na Part 2, hadithi moja unauziwa mara mbili, nami Part 2 ya mmoja niliazimisha haikurudi mpaka kesho.

Kijana Bando: Mama, hata ukilipia mtandaoni inakuwa yako.

Mama Zuhura: Si kweli mwanangu. Unalipia ruhusa ya kuangalia, mwenye duka akigombana na mwenye filamu inaondolewa. Si Sony waliwafutia watu vipindi vya Discovery walivyokwishalipia?

Fundi Deki: Walitangaza kufuta Desemba 2023, watu wakachachamaa, mwezi huohuo wakarudi nyuma. Ila kutangaza walitangaza, na mkataba ulikuwa unawaruhusu. Mama, DVD zako zikiwa na mikwaruzo pakaa dawa ya meno nyeupe, sugua kutoka katikati kwenda pembeni, suuza.

Mkazi wa Buguruni: Dawa ya meno iliniulia CD mimi!

Fundi Deki: CD ni kitu kingine. Kwenye CD data ziko juu, chini tu ya ule upande wenye maandishi, pakichubuka hapo hakuna dawa. DVD data ziko katikati ya plastiki mbili, mkwaruzo mdogo wa chini unasuguliwa unaisha. Uliisugua kwa kuzungusha, kubali.

Mkazi wa Buguruni: Nilizungusha ndio, si ndivyo kila mtu anafanya?

Mnyalukolo: Na stika ya TRA isibanduliwe ovyo, ndiyo ilikuwa inakutambulisha orijino. Ilikuja 2012 kama sikosei.

Fundi Deki: 2013.

Mnyalukolo: Haya 2013. Msanii alikuwa anapata chake pale. Leo mtu anakwenda kibandani anajaziwa flashi nzima kwa buku mbili, aliyecheza filamu hapati hata mia, halafu ndiyo mnaita maendeleo. Na bado nasubiri mtu aombe radhi hapa kwa lile neno la mikoani.

Kijana Bando: Nimekosea neno, samahani bro. Ila DVD sinunui.

Mnyalukolo: Usinunue, mi nimeshapoa.

Mkazi wa Buguruni: Mama Zuhura, niandikie jina la hiyo Part 2. Jumamosi nakwenda Kariakoo, nitakuulizia.