Mtoto wa baba mdogo kasajili jina la ukoo wetu BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara), ananipa siku 14 niache kulitumia kwenye mziki. Nifanyeje?

mwana_wa_ngamiani:
Wakuu habari za mchana, naombeni ushauri kabla sijafanya jambo la hasira. Marehemu mzee wangu alianza kukodisha mziki hapa Tanga miaka ya tisini, harusi, send-off, mikutano, na jina alilotumia ni la ukoo wetu (nalificha kidogo, wa Tanga mtanijua tu). Yale maboksi ya spika alichonga mwenyewe, jina akaliandika kwa brashi na rangi nyeupe, mpaka leo mawili bado yanapiga na herufi ya mwisho imebanwa pembeni maana nafasi ilimwishia. Mzee kafariki 2019, mi nikaendelea na kazi, leseni ya halmashauri naikata kila mwaka lakini ilikuwa kwa jina lake nami nikaiacha hivyo hivyo.

Sasa mtoto wa baba mdogo alikuwa Dar, karudi na mixa mpya na taa zile za kisasa, kafungua biashara ile ile kwa jina lile lile kaongezea tu neno Events. Sikusema kitu nikajua ni damu yangu. Wiki iliyopita naletewa notisi ya wakili, eti jina ni lake kwa kuwa kalisajili BRELA, niache kulitumia ndani ya siku 14 na nimlipe fidia. Na nasikia anataka kulifanya kampuni kabisa, Limited. Kibaya zaidi kuna mama mmoja wa Pongwe alimlipa yeye adivansi akijua ni sisi, siku ya shughuli zikaja spika mbili zinakoroma, kesho yake akaja dukani kwangu kunitukana mimi mbele za watu. Baba mdogo mwenyewe nikimuuliza ananiambia "malizaneni". Nifanyeje wakuu?

tandale_kwetu:
Pole mkuu. Ushaachwa hapo, mwenzio katumia akili. Aliyesajili ndo mwenye mali, badili jina maisha yaendelee.

fundi spika:
Nenda COSOTA haraka kashtaki, hao ndo wanashughulika na mambo ya wasanii

wakili_njaa:
Jamani tusimpoteze mtu. COSOTA ni hakimiliki, yaani kazi yenyewe, wimbo, maandishi, picha. Jina la biashara sio kazi yao. Na wewe wa Tandale hilo la "aliyesajili ndo mwenye mali" ndo linafanya watu wanyang'anywe vitu vyao huku wanaangalia.

Mtoa mada nisikilize. BRELA pale kuna madaftari matatu na watu wanayachanganya kila siku. Kuna jina la biashara, kuna kampuni, kuna alama ya biashara na huduma. Jina la biashara likisajiliwa maana yake serikali inajua nani yuko nyuma ya jina hilo, basi, haimpi mtu umiliki wa jina dhidi ya aliyekuwa analitumia kabla yake. Kinachompa mtu nguvu ya kumzuia mwingine kisheria ni alama iliyosajiliwa, na hata bila alama kuna kesi ya mtu kujipitisha kwa wateja kama yeye ni wewe. Ukifungua hiyo utatakiwa uonyeshe kwamba jina lina sifa kwa watu na sifa hiyo ni yako, kwamba mwenzio anawafanya wateja waamini yeye ni wewe, na kwamba umeumia. Sasa huyo mama wa Pongwe unamuona kama balaa, mi namuona kama shahidi namba moja.

Swali: notisi yake inataja usajili wa jina la biashara au alama?

mwana_wa_ngamiani:
Inasema "Business Name" tu na namba, alama haijatajwa.

wakili_njaa:
Safi. Basi kaangalie kama ameomba alama pia, huduma za burudani ziko daraja la 41. Kama kaomba, ikitangazwa kwenye jarida la alama una siku 60 za kuweka pingamizi, zikipita umelala. Ikishasajiliwa anakaa nayo miaka 7, halafu anahuisha kwa miaka 10 kila mara. Kwahiyo hapa usisubiri kikao cha ukoo cha Idi.

bi_mkubwa77:
Mwanangu mimi si mwanasheria ila nimeshafiwa na nimeona mengi. Umesema baba kafariki 2019, mirathi mlifungua? Maana hilo jina na hayo maspika ni mali ya marehemu, si yako peke yako, una ndugu zako na mama yako.

mwana_wa_ngamiani:
Hapana mama, hatukufungua. Tuliona mali yenyewe ni maspika tu.

wakili_njaa:
Bi mkubwa kagusa penyewe, mi nilikuwa nakuja huko. Hata ukienda mahakamani kesho swali la kwanza litakuwa wewe ni nani kwenye hii biashara. Kaeni kikao, andikeni muhtasari, nendeni Mahakama ya Mwanzo, kama mzee alikuwa muislamu au anaishi kimila wanapokea mirathi yake pale pale, ateuliwe msimamizi. Huyo msimamizi ndo atasimama na kusema sifa ya jina ilijengwa na marehemu. Na kwa mirathi ya kiislamu mzee akiacha mtoto wa kiume ndugu yake harithi, kwahiyo mwenzio hawezi kuja kwa mlango wa urithi kupitia baba yake. Mlango uliobaki kwake ni mmoja, aseme baba yake alikuwa mbia. Alikuwa?

mwana_wa_ngamiani:
Hapo ndo pagumu. Baba mdogo alikuwa anakaa kwenye mixa, analipwa kwa kila shughuli, lakini yeye anasemaga jenereta la kwanza alichangia hela. Maandishi hakuna.

tandale_kwetu:
Haya sasa 😂 nilisema

wakili_njaa:
Hela ya jenereta inaweza kuwa mkopo, zawadi au mtaji, hiyo ataithibitisha yeye. Ila usimdharau, ana hoja ndogo hapo.

msoma_magazeti:
Mambo ya ukoo kugombea jina la burudani ni ya zamani sana. Madame Tussaud yule wa masanamu ya nta London, familia ilishauza biashara kwa kampuni, akaja kitukuu wake Louis Tussaud akataka kusajili kampuni ya masanamu, Louis Tussaud Limited. Wakamshtaki 1890. Mahakama ikasema mtu mwenyewe anaweza kufanya biashara kwa jina alilozaliwa nalo, lakini kampuni haijazaliwa, huwezi kuibebesha jina la watu wengine wakati ukijua wateja watachanganyikiwa. Akazuiwa. Kesi za Uingereza haziwafungi majaji wetu ila wanazisikiliza.

fundi spika:
Kwahiyo akibaki yeye kama yeye sawa, akifanya Limited kapatikana?

msoma_magazeti:
Karibu na hapo, ila hata yeye kama yeye asiwadanganye wateja. Mi naona muelewane kila mmoja aongeze kitu kwenye jina. Wenge, ile bendi ya Kongo, walipogawanyika 1997, JB Mpiana kabaki na BCBG, Werrason na wenzake Maison Mère, na watu wakawajua wote.

wakili_njaa:
Wenge sio jina la ukoo, na hao walikuwa wanabebwa na sura na sauti zao. Anayekodi spika Pongwe anasikia jina tu kwenye simu. Kuelewana ni kuzuri, ila aelewane akiwa na makaratasi mkononi: leseni za miaka yote, vitabu vya risiti vya mzee, kadi za harusi zilizoandikwa jina lenu, picha za yale maboksi. Na hiyo notisi ijibiwe ndani ya muda, kwa maandishi, kwa wakili, sio kwa voisi noti ya WhatsApp.

mwana_wa_ngamiani:
Asanteni sana wakuu. Vitabu vya risiti mama anavyo kwenye sanduku. Mama wa Pongwe nimempigia, kakubali kuandika maelezo, ila anataka nimpigie mziki wa arobaini ya mjukuu wake bure.

wakili_njaa:
USITHUBUTU. Utaulizwa mbele ya hakimu shahidi wako ulimhonga nini. Mchaji bei yako ya kila siku na umkatie risiti.