Benz 230E ya 1983 inatetemeka ikishapata joto, fundi anataka kung'oa injekta afunge kabureta. Naomba ushauri

Mtoto_wa_Ngamiani
Wakuu habari zenu. Nina Benz 230E, body ya W123, ya mwaka 1983. Ni ya mzee wangu, aliinunua mtumba na ameiendesha Tanga–Moshi miaka nenda rudi mpaka macho yalipoanza kumsumbua, ikakaa bandani karibu miaka minne. Mwaka huu nikaamua kuifufua, nikaweka betri mpya, filta ya mafuta mpya, tenki tukalishusha tukalisafisha maana lilikuwa na kutu, plagi mpya nne. Ikawaka, mzee alikaa kwenye kiti cha mbele akasikiliza muungurumo hakusema neno.

Shida yenyewe ni hii. Asubuhi inawaka vizuri na dakika kumi za kwanza huwezi kulalamika, ila ikishapata joto sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaanza kupanda na kushuka, injini inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, nikisimama kwenye mataa inazima. Saa nyingine inakohoa huku juu kwenye filta ya hewa. Lakini nikitoka barabara ya Muheza nikafika spidi 60 na kuendelea inakimbia kama haijawahi kuumwa.

Fundi wa kwanza kakaza ile skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ikatulia siku mbili, sasa hivi asubuhi inatoa moshi mweusi na inanuka petroli na tetemeko liko pale pale. Wa pili kaja na mashine ya kupimia kakosa pa kuchomeka. Wa tatu ndo anasema tung'oe mfumo wote afunge kabureta ya Toyota, siku mbili kazi imeisha. Mzee hataki na mi sitaki kumrudishia gari yake imekatwakatwa. Nianzie wapi?

Saba_Saba
Mkuu mi ningekushauri usikatae kabureta haraka. Mimi nina 230E kama hiyo, nilihangaika na injekta mwaka mzima, nikafunga kabureta, sasa mwaka wa sita natembea. Nguvu imepungua kidogo kwenye milima na mafuta inakula zaidi, huo ndo ukweli, ila fundi yeyote wa barabarani anaielewa. Gari isiyotembea inaoza.

Fundi_Kiwalani
Kaka subiri kwanza, usiruhusu mtu aguse kitu chochote mpaka usome hapa. Hizi nimezitengeneza tangu nikiwa kijana wa spana, na nikuambie, zilizong'olewa injekta nyingi hazikuwa na ugonjwa wa injekta.

Hiyo yako ina K-Jetronic, mfumo wa injekta wa Bosch. Haina kompyuta ndo maana jamaa mwenye mashine kakosa pa kuchomeka. Ile K ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo, yaani nozeli (ndo injekta zenyewe) zinamwaga mafuta muda wote injini ikiwa inazunguka, hazikati na kufungua kama za Toyota. Kinachoamua kiasi cha mafuta ni hewa yenyewe: kuna sahani ya duara chini ya filta ya hewa, hewa ikipita inaisogeza, sahani inasukuma pini iliyo ndani ya distributa ya mafuta (kile kichwa cha chuma chenye mabomba ya nozeli), mafuta yanaongezeka. Sasa fikiria hewa imepata njia ya panya baada ya hiyo sahani, labda mpira umepasuka au hosi imelegea. Hewa imeingia bila kupimwa, mafuta hayakuongezeka, mchanganyiko unakuwa mwembamba, injini inamisi na kukohoa.

Dalili zako zote zinasema hivyo. Asubuhi ikiwa baridi mfumo unaongeza mafuta wenyewe, kwa hiyo upungufu unafichika. Ikipata joto nyongeza inaondoka, ugonjwa unatokea. Na kwenye spidi injini inavuta hewa nyingi, ile ya wizi inakuwa kidogo mbele yake, unaona imetulia. Fundi wako alipokaza skrubu alifunika kidonda, sasa mafuta yamezidi kote.

Fanya hivi, injini ikiwa na joto na iko sailensa fungua kifuniko cha kuwekea oili. Injini ya hii K-Jetronic isiyo na tundu la hewa lazima ishtuke, iyumbe au itake kuzima, kwa sababu umefungulia hewa isiyopimwa kupitia ile hosi ya kupumulia. Isipojali kabisa, ujue tayari kuna tundu lingine. Halafu toa plagi zote, zipange kwa namba ya silinda, piga picha ulete hapa. Na angalia ule mpira mkubwa chini ya sahani ya hewa, ubonyeze kwa vidole pande zote, mara nyingi unapasuka kwa chini usikoona.

Boss_wa_Likoni
Naunga mkono fundi hapo juu, niko Mombasa na mimi niko na W123. Ningependa kuuliza tu, pampu ya mafuta ni ile yake kweli? Huku kwetu makanika wengi pampu ikikufa wanakuekea ya Toyota ya EFI (injekta za kompyuta), ile inafanya kazi na presha ya bar 3 hivi, na hii mfumo wake unataka bar 5 na kitu. Nozeli zenyewe hazifunguki mpaka zipate karibu bar 3 na nusu, sasa ukiwa na pampu dhaifu utatafuta mpira uliopasuka mpaka mwaka uishe.

Mtoto_wa_Ngamiani
Asanteni sana wakuu, nimefanya leo jioni. Boss pampu ni ya Bosch ileile ya nyuma chini ya gari, ina kelele kidogo lakini ndo yake.

Fundi, kifuniko cha oili nimefungua, injini haikujali kabisa! Nimekifungua na kukifunga mara tatu nikidhani nakosea. Mpira mkubwa nimeukagua kwa tochi na kioo, mzima, nadhani mzee aliwahi kuubadilisha. Plagi: ya 1, 2 na 4 nyeusi tititi zina masizi makavu. Ya 3 nyeupe.

Fundi_Kiwalani
Hiyo ya 3 imekuonyesha mlango. Mafuta yamezidishwa kwa silinda zote lakini yeye bado ana njaa. Aidha nozeli yake inatoa kidogo au raba ya nozeli yake imekauka inavuta hewa, na gari iliyokaa miaka minne kwenye joto la Tanga inaweza kuwa na vyote viwili. Lakini kabla hujafungua nozeli hamisha waya wa plagi na uangalie kifuniko cha distributa ya moto na rota, tusije tukalaumu mafuta kumbe ni moto wa plagi.

Mama_Spea
Habari kaka, mi nauza spea za Kijerumani na kazi ya kupima nozeli tunaifanya dukani. Ukishamaliza upande wa moto fanya kipimo cha chupa, hakihitaji mashine. Toa nozeli zote nne zikiwa bado zimeshikana na mabomba yake, kila moja itumbukize kwenye chupa yake tupu ya maji ya kunywa. Chomoa rilei (swichi ya umeme) ya pampu uunganishe pampu iwake bila injini kuzunguka, mtu mmoja aisogeze ile sahani ya hewa polepole kwa mkono, wewe angalia. Kila nozeli inatakiwa itoe ukungu wa umbo la koni, isitoe mshale wala matone. Baada ya muda linganisha chupa, zinatakiwa zikaribiane sana. Ukiiachia sahani irudi mahali pake zote zikauke, inayoendelea kudondosha ni mbovu.

Naomba sana, fanyia nje penye upepo, injini imepoa, mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu na sio kwenye buti. Hiyo ni petroli yenye presha, nimeona gari ikiungua kwa cheche ya waya wa betri.

Na oringi (raba za duara) za nozeli usinunue zile za mabomba ya maji, petroli inazivimbisha. Omba za vitoni, na ndani kule nozeli inakokaa kuna bushi ya plastiki nayo ina oringi yake, wengi wanaisahau.

Saba_Saba
Ila kweli mimi hakuna fundi aliyewahi kunipimia na chupa. Wote walikuwa wanaanza na ile skrubu.

Mtoto_wa_Ngamiani
MREJESHO wakuu. Waya nimehamisha, silinda ya 3 imebaki vilevile kwa hiyo moto uko sawa. Tukafanya chupa Jumamosi, mdogo wangu kashika mtungi. Chupa tatu zinalingana, ya 3 imefika kama theluthi mbili tu na nozeli inatoa mshale. Oringi za nozeli zote nne zilikuwa ngumu kama plastiki, mbili zimevunjika wakati natoa.

Nimeweka nozeli mpya moja, oringi zote mpya ndani na nje. Nikafungua kifuniko cha oili, injini ikayumba ikataka kuzima, nilipiga kelele majirani wakatoka. Halafu nikarudisha skrubu ya mchanganyiko kwa alenki ya milimita 3, kidogokidogo, chini ya robo kila mara, natoa alenki kwanza ndo napiga resi kama fundi alivyonielekeza kwa simu. Plagi sasa zina rangi ya kahawia zote nne.

Jana nimemwendesha mzee mpaka Korogwe na kurudi. Kwenye mataa aliinamisha kichwa akauliza kama imezima.

Imebaki moja. Nikiizima ikiwa ya moto nikakaa dukani nusu saa, kuwasha inasumbua, inazunguka sana ndo inashika. Ikiwa baridi kabisa au nikiizima na kuwasha hapohapo haina shida.

Fundi_Kiwalani
Hongera sana kijana, msalimie mzee. Hiyo ni presha inakimbia ukishazima, mafuta yaliyobaki kwenye mabomba yanachemka kwa joto la injini yanakuwa mvuke. Nenda nyuma kwenye pampu, pembeni yake kuna kopo la chuma linaitwa akyumuleta, kazi yake ni kushikilia hiyo presha. Chomoa kile kibomba chembamba cha nyuma yake, ukikuta petroli inatoka humo diafram imepasuka. Ikiwa kavu basi tazama valvu ya kuzuia mafuta yasirudi, iko kwenye mdomo wa pampu. Ukishajua ni ipi Mama_Spea atakutafutia.