Changuu imegeuzwa duka: kobe ndio bidhaa, sisi wenyeji ndio kero

Wakuu, nimejizuia siku tatu kabla ya kuandika, maana siku ileile ningeandika matusi matupu. Hasira bado ninayo, ila sasa angalau maneno yanapangika.

Jumamosi nilimpeleka Bi Mkubwa Changuu, kile kisiwa kidogo cha kobe mbele ya Mji Mkongwe, Unguja. Mama yangu ni mtu wa Unguja, kazaliwa Miembeni, akaolewa bara, na tangu nipate akili zangu namsikia akisimulia siku waliyopelekwa kisiwani na skuli, mwishoni mwa miaka ya sitini. Hadithi haibadiliki: mashua ya tanga, mwalimu aliyetapika njia nzima, mihogo ya kuchemsha kwenye kikapu, na kobe aliyeingiza kichwa ndani akagoma kukitoa mpaka watoto wakaondoka. Kila Idi anasema, "Kabla sijafa n'tarudi nikamwone yule kobe." Mwaka huu nikasema liishe hili. Wanangu wawili, Bi Mkubwa, kiti chake cha kukunja kwa ajili ya magoti, hotpoti ya mihogo (lazima mihogo, hataki kusikia kingine), tukapanda boti ya Dar, hao.

Balaa lilianza hata maji hatujayagusa. Aliyewahi kutembea kutoka bandarini kwenda Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, anawajua papasi, vijana wanaokufuata wakikutafutia safari ili wapate chochote. Mimi sina ugomvi na papasi, kijana anatafuta riziki yake. Lakini siku ile walitupokea watano kwa safari moja, na kila mmoja ana fungu lake humo ndani ya bei. Wa kwanza kasema elfu arobaini. Nikauliza, boti nzima? Ndiyo kaka, boti nzima, kwenda na kurudi. Tumefika ufukweni, viatu tumeshavua, arobaini imekuwa ya kila kichwa. Vichwa vinne, laki na sitini, na mtoto wa miaka sita naye kichwa.

Mimi nimeshaanza kufoka. Bi Mkubwa akanishika mkono, akamgeukia yule kijana taratibu: "Mwanangu, mie mtu wa hapahapa, Miembeni. Unanifanya mgeni kwetu?"

Kijana akacheka kwa aibu. "Samahani bibi, sikujua. Basi toeni sabini."

Someni tena hapo. Hakukuwa na mafuta yaliyopungua wala boti nyingine. Lafudhi ya mama yangu peke yake ina thamani ya elfu tisini. Sasa jiulize yule mtu wa Singida au Mwanza aliyejibana mwaka mzima aje aone bahari na watoto wake, na lafudhi yake ile, analipa ngapi?

Bahari ilikuwa shwari, kisiwa kiko kama kilomita tano na nusu tu kutoka Mji Mkongwe, ukitulia kidogo umefika. Sehemu hiyo sina malalamiko. Mungu hajaanza kutoza.

Tumeshuka. Cha kwanza kinachokupokea ni kibao cha bei, na bei kwa dola. Kwenye meza kuna jamaa, akamtazama Bi Mkubwa na buibui lake akamwambia, "Jambo! Karibu!" Jambo! Mama wa miaka karibu sabini, mtu wa Unguja, juu ya ardhi ya Unguja, anaambiwa jambo na kijana wa umri wa mjukuu wake. Siyo shikamoo, siyo hujambo bibi. Jambo, kama mtalii aliyeshuka kwenye meli asubuhi. Nadhani hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli, kuliko hata kwenye hela. Kiswahili chenyewe wamekigeuza fulana ya kuuza.

Tukaomba bei ya mwenyeji. Ipo, lakini lazima uiombe, haikuandikwa. Kitambulisho. Nikatoa changu, mama akatoa chake. Watoto je? Watoto hawana vitambulisho vya taifa, mkuu, ni watoto. Basi, anasema, hatuna uthibitisho kuwa ni wenyeji. Wanangu walikuwa wamesimama pale wanagombania biskuti kwa Kiswahili cha Temeke, uthibitisho gani tena anautaka? Dakika ishirini za mabishano ndipo akakubali. Risiti nikapewa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, hakina mhuri, hakina namba, kimeandikwa "4". Nne nini, sijui. Watu wanne, au hela aliyoamua kuingiza kitabuni.

Halafu ikaja "historia". Mtembeza wageni tuliyepachikwa (hatukumuomba, ila alikuwa na watalii wengine watatu akatuunganisha) akatusimamisha mbele ya jengo la gereza, akashusha sauti, akaanza: hapa maelfu ya watumwa na wafungwa walifungwa minyororo, wakafa, na usiku vilio vyao bado vinasikika. Wale wageni wakaweka mikono kifuani. Mwanangu wa kike akanishika suruali kwa woga.

Uongo, wakuu. Utumwa kisiwani pale ulikuwepo, hilo halifutiki: kabla ya serikali kukichukua, kilikuwa mikononi mwa Waarabu waliokitumia kuwashikilia watumwa wakaidi. Lakini jengo lile analolilia ni jingine kabisa. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa mwaka 1893 na kujenga gereza la wahalifu. Halikumfunga mhalifu hata mmoja. Liligeuzwa karantini. Meli zikiingia na abiria wanaoshukiwa maradhi, homa ya manjano na mengineyo, wanashushwa Changuu kwanza, wanasubiri, mpaka ijulikane nani mzima ndipo wavushwe mjini. "Prison Island", yaani Kisiwa cha Gereza, mnayoiona kwenye fulana, kofia na sumaku za friji ni jina la gereza lisilowahi kuwa na mfungwa.

Na hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hadithi ya kweli ni nzuri mara kumi! Mwaka 2020 dunia nzima ilijifunza neno karantini kwa machozi. Sisi tunacho kisiwa kizima cha karantini, kuta zipo, unaweza kumsimamisha mtoto pale ukamwambia hapa bibi na babu za watu walikaa wakiutazama mji kwa macho wasiruhusiwe kuufikia. Badala yake tunauza mizimu na minyororo ya kubuni. Waliofungwa minyororo kweli kisiwani hapa wala hawatajwi kwa haki yao, wanachanganywa humohumo kama kitoweo.

Nilimvuta yule kijana pembeni nikamwambia hayo, kwa utaratibu, sikumuaibisha mbele ya wageni wake. Hakubisha. Akaniambia, "Kaka najua. Lakini wageni wanapenda gereza. Ukiwaambia hospitali hawatoi bakshishi." Kwa hiyo anajua. Hapo sikuwa na la kumjibu, na kusema kweli simlaumu yeye sana, mshahara wake ni ileile bakshishi.

Jua lilikuwa limeshapanda, magoti ya Bi Mkubwa yameanza kumuuma. Nikaona mti una kivuli kizuri karibu na mchanga, nikakunjua kiti, nikamkalisha, akafungua hotpoti. Hata kipande cha kwanza hajakifikisha mdomoni, akatokea kijana mwenye fulana ya kazi. Hapa ni eneo la wateja. Nikamwambia sisi pia tumelipa kuingia. Akasema hicho ni kiingilio cha kisiwa, kukaa ni kitu kingine, na chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Kama tunataka kivuli tuagize. Nikaomba orodha ya vyakula nione. Soda moja kwa bei ambayo Kariakoo ningepata kreti nusu, nikairudisha.

Uliza basi, asiyeagiza akae wapi? Nilizunguka. Upande huu viti vya kulalia vya wateja, upande ule meza za wateja, jengo la historia lenyewe lina meza za wateja. Benchi la bure sikuliona hata moja, wala kibao chenye maelezo ya Kiswahili ya maana sikukiona. Bi Mkubwa hakubishana. Alifunika hotpoti, akasimama, akakikunja kiti chake mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Mnajua mama akikataa kusaidiwa maana yake nini.

Tukaenda kwa kobe. Hapa naomba niwe wa haki: kobe ni maajabu, na hakuna biashara iliyoweza kuliharibu hilo. Wa kwanza wanne waliletwa mwaka 1919, zawadi kutoka Ushelisheli, ni kobe wakubwa wa Aldabra, dume anaweza kufika kilo mia mbili na zaidi. Wakazaana, katikati ya miaka ya hamsini walishafika kama mia mbili. Kisha wakaanza kuibwa, wengine kuuzwa nje wengine kuliwa, mpaka mwaka 1996 wakabaki saba. Saba! Ndiyo maana leo wako ndani ya uzio na si wa kutembea ovyo kama wakati wa skuli ya mama. Kwa hiyo anayesema kiingilio kinahitajika ili walindwe, namuunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini ulinzi gani huu? Kibao kinakataza kumpanda kobe, na chini ya kibao hichohicho kuna baba anamkalisha mwanawe mgongoni mwa kobe, mama anapiga picha, na kijana aliyepaswa kukemea anahesabu noti aliyopewa dakika hiyohiyo. Fungu la mchicha la kuwalisha linauzwa ghali kuliko sokoni Darajani. Magamba yameandikwa umri kwa rangi kama bei za viatu vya mtumba, na watu wanakimbilia yule mwenye namba kubwa tu, wanapanga foleni ya selfi, wengine wote hakuna anayewatazama.

Mtu mmoja tu alituokoa siku ile. Mzee mtunzaji, amevaa kandambili, hana fulana ya kazi. Alimuona Bi Mkubwa kasimama peke yake na kiti chake, akaja akamwamkia vizuri, wakaulizana wazee wa wapi, kumbe anamjua binamu yake. Akamuonyesha namna ya kumkuna kobe shingoni: polepole, chini ya kidevu. Lile dude likanyanyuka lote kwa miguu minne, shingo ikatoka, ikatoka, ikatoka, macho limefumba. Mama akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afariki. "Yule wangu hakutaka kutoa kichwa," akamwambia. Mzee akasema, "Ndiye huyu. Alikuwa mdogo akiona haya." Hakutuomba hata mia. Nilipompa kitu alikataa mara mbili.

Tungekaa pale mchana kutwa, ila nahodha alishapiga simu mara tano. Ana wateja wengine wanataka kupelekwa fungu la mchanga la Nakupenda, tumechelewa, tutaongeza.

Sasa najua kuna watakaokuja kuniambia nataka vya bure, utalii ndiyo uchumi wa Zanzibar, nisilete ushamba. Mimi niko tayari kulipa hata mara mbili ya nilicholipa. Nilipe kwa shilingi, bei iliyobandikwa ukutani tangu kule ufukweni mjini, nipewe risiti inayosomeka, na hela ikamlipe yule mzee wa kandambili mshahara wa kueleweka. Baada ya hapo mama yangu akae chini ya mti. Hivi hilo ni jambo kubwa? Pale Forodhani kuna biashara usiku kucha, pweza wanauzwa kwa bei ya kukimbiza watu, lakini tangu bustani ifunguliwe upya mwaka 2009 mtu akitaka anakaa ukutani na miguu yake inaning'inia, anawatazama vijana wanaruka baharini, na hakuna anayemuuliza ameagiza nini. Kumbe inawezekana. Ni umbali wa kilomita tano na nusu tu.

Visiwa vya jirani vimeshakwenda: Bawe nayo ni hoteli. Chapwani, penye makaburi ya mabaharia wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Wajerumani Septemba 1914, nayo ni hoteli. Changuu ndiyo ilikuwa imebaki ya mtoto wa skuli na kikapu chake.

Kama kuna mtu kaenda hivi karibuni na akapewa risiti ya kweli pale mezani, aiweke hapa tuione, akifuta jina lake. Nataka kujua kama ni mimi tu niliyepewa "4".

Mihogo tulikuja kuila kwenye boti wakati wa kurudi, imeshapoa. Bi Mkubwa akampa na nahodha, yuleyule aliyekuwa ananidai elfu kumi ya kusubiri. Alikula vipande vitatu, akashukuru, akasema imekolea chumvi. Tulipofika, elfu kumi yake akachukua.